Kipimo Kisichoweza Kusema "Sijui"

Tarehe 9 Juni 1995, saa sita mchana, meli ya abiria Royal Majesty iliondoka bandari ya St. George's, Bermuda, kwenda Boston, Marekani. Ilibeba watu 1,509, abiria na mabaharia kwa jumla. Usiku wa siku ya pili, saa nne na dakika 25, ilipanda juu ya fungu liitwalo Rose and Crown, kiasi cha maili kumi mashariki ya kisiwa cha Nantucket, ikakwama. Kati ya mahali maofisa wake walipodhani wapo na mahali walipokuwa kweli palikuwa na maili za baharini 17, yaani kilomita zipatazo 31. Hakuna aliyekufa wala aliyeumia. Hasara, ukijumlisha matengenezo na mapato yaliyopotea, ilikaribia dola milioni 7.

Naichagua ajali hii kwa sababu haina maiti. Mtu anaweza kuichambua bila kuona haya kwamba anamsema vibaya marehemu. Naichagua pia kwa sababu injini hazikuzimika, usukani haukukatika na dira haikukosea. Kilichoipeleka meli mchangani ni vihisi vyake, tena vihisi vizuri, na namna vilivyounganishwa na watu waliovibuni. Kwa kijana anayetaka kubuni vyombo vya kupima mahali, mwendo na kina, sijui kisa kinachofundisha zaidi ya hiki.

Tuanze na vyombo vyenyewe. Kwa kupima mahali, meli ilikuwa na vipokezi viwili vya aina mbalimbali. Kimoja kilikuwa cha GPS, mfumo wa setelaiti ambao Marekani iliutangaza kuwa umekamilika mwaka huo huo wa 1995. Cha pili kilikuwa cha Loran-C, mfumo wa zamani unaotegemea minara ya redio iliyojengwa nchi kavu. Kwa mwendo, palikuwa na kipimo kinachopeleka sauti majini na kusikiliza jinsi mlio wake unavyobadilika unaporudi, kanuni aliyoieleza Christian Doppler mwaka 1842. Kwa kina, palikuwa na kipimakina cha mwangwi: sauti hushuka hadi chini ya bahari, hurudi, na kwa kuwa katika maji ya chumvi sauti huenda kama mita 1,500 kwa sekunde, nusu ya muda wa safari yake hukupa kina. Kipimo hiki cha mwisho kina historia yenye majonzi. Baada ya Titanic kuzama mwaka 1912, Alexander Behm huko Ujerumani na Reginald Fessenden huko Amerika ya Kaskazini walihangaika, kila mmoja kwa njia yake, kutafuta sauti itakayoonya mabaharia juu ya barafu. Mwaka 1914 Fessenden alipata mwangwi kutoka kwenye siwa la barafu, na akapata pia mwangwi kutoka chini ya bahari. Huo wa chini ndio uliokuja kutumika duniani kote.

Juu ya vyote hivyo palikuwa na kompyuta ya usukani. Ilipokea mahali kutoka GPS, mwelekeo kutoka dira ya umeme na mwendo kutoka kipimo cha mwendo, kisha ikaiendesha meli kwenye mstari uliochorwa. Waliobuni kompyuta hiyo hawakuwa watu wazembe. Walijua GPS inaweza kukosea, wakaiwekea ulinzi: kompyuta ingepiga hesabu yake yenyewe ya mahali meli ilipo kwa kutumia dira na mwendo, na hesabu hiyo ikitofautiana na GPS kwa zaidi ya mita 200, kengele ingelia. Kwa wakati ule, ambapo jeshi la Marekani lilikuwa likiipunguzia makusudi GPS ya raia usahihi hadi kiasi cha mita 100, kiwango hicho kilikuwa cha busara. Ukikisoma karatasini utakisifu.

Sasa sikiliza kilichotokea. Kama dakika 52 baada ya meli kuondoka, waya wa antena ya GPS uliachana na kiungio chake. Waya huo ulipitishwa wazi juu ya paa la chumba cha usukani, mahali ambapo mtu aliweza kuukanyaga au kuupiga teke akipita. Kipokezi kikapoteza setelaiti zote. Waliokitengeneza walikuwa wamelifikiria hilo nalo. Ili nahodha asibaki na kioo kitupu kwa sababu ya kukatika kidogo kwa mawimbi, walikifundisha kipokezi kuendelea kwa kukisia: kichukue mahali pa mwisho kinapopajua, kiongeze mwelekeo wa dira na mwendo wa meli, kisha kionyeshe jibu.

Kukisia mahali kwa dira na mwendo si dhambi. Ndiyo kazi ya unahodha tangu kale. Mabaharia walitia batli kupima mwendo, wakatazama dira, wakahesabu saa, wakasema "tuko hapa". Lakini aliyekisia alijua kwamba amekisia. Alijua batli hupima mwendo wa chombo ndani ya maji na haipimi mwendo wa maji yenyewe, kwa hiyo mkondo na upepo vinaweza kumhamisha usiku kucha asipate habari. Ndiyo maana alipoikaribia pwani alitia bildi, akapima pima za maji, na katika meli za Ulaya risasi ya bildi ilipakwa mafuta chini ili irudi na mchanga au tope la huko chini. Kukisia kulikwenda pamoja na wasiwasi, na wasiwasi ndio uliookoa vyombo.

Kipokezi cha Royal Majesty kilirithi kukisia bila kurithi wasiwasi. Kilitoa mlio wa kengele uliodumu sekunde moja hivi, katika chumba cha ramani. Hakuna aliyeusikia. Kisha kikaandika kwenye kioo chake herufi ndogo za kuonyesha kwamba sasa kinakisia, pembeni mwa tarakimu kubwa za latitudo na longitudo ambazo ziliendelea kubadilika kwa utaratibu ule ule na kwa sura ile ile ya uhakika. Kwa zaidi ya saa 33, maofisa wa zamu walikuja kila saa, wakanakili tarakimu, wakazitia kwenye ramani. Wahenga walituonya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Hapa hapakuwa na kimya: kioo kilisema kila sekunde, na kila kilichosemwa kilikuwa kizuri kusikia.

Na ule ulinzi wa mita 200? Hapo ndipo ninapowaomba wabunifu wasimame kidogo. Kompyuta ya usukani ililinganisha hesabu yake, iliyotokana na dira na kipimo cha mwendo, na taarifa ya GPS, ambayo sasa nayo ilitokana na dira ile ile na kipimo kile kile cha mwendo. Ni kama kadhi aliyeita mashahidi wawili, wakasema neno moja, akaridhika, asijue kwamba wa pili alisimuliwa na wa kwanza wakiwa njiani kuja mahakamani. Vipimo viwili vilikubaliana kikamilifu, tena vilikubaliana kuliko siku yoyote ambayo GPS ilikuwa nzima, maana GPS nzima hutikisika kidogo. Meli ilisukumwa pembeni na upepo na mkondo, kiasi cha nusu maili kwa saa. Kengele haikulia hata mara moja.

Kuna jambo la ndani zaidi, nalo linamhusu kila anayeandika programu. Kipokezi hakikusema uongo kabisa. Vyombo vya baharini huzungumza kwa mistari mifupi ya herufi na tarakimu, kwa mpangilio uitwao NMEA 0183, na ndani ya mistari hiyo mna nafasi ya alama inayoeleza kama taarifa ni halali au si halali. Kipokezi kilituma alama ya kwamba si halali. Kompyuta ya usukani haikuandikwa kuisoma. Kampuni moja iliamini kwamba kipokezi kisichoona setelaiti kitanyamaza au kitatuma mstari mtupu. Kampuni nyingine iliamini kwamba anayepokea atasoma alama. Kila upande ulikuwa na sababu zake, na katikati ya sababu hizo walikaa watu 1,509.

Jioni ya tarehe 10 dunia ilianza kuwaambia maofisa ukweli kwa njia nyingine, na hapa ndipo kisa kinapoacha kuwa cha vyuma na kuwa cha binadamu. Kabla ya magharibi, ofisa mkuu alisubiri boya la BA, linaloonyesha mlango wa njia ya meli ziendazo Boston. Kwenye rada kikatokea kitu, saa iliyotarajiwa, upande uliotarajiwa. Jua la machweo lilimwakia usoni, hakuliona boya lenyewe kwa macho, akaliandika kuwa ndilo. Kumbe lilikuwa boya jingine, AR, lililowekwa kuonyesha meli iliyozama, umbali wa maili kama 15 kutoka lile alilolidhania. Sina ujasiri wa kumcheka. Mtu ambaye kipimo chake kimemwambia kwa siku nzima kwamba yuko mahali fulani hahitaji boya limthibitishie. Anahitaji tu boya lisimkanushe.

Ofisa aliyempokea zamu hakuliona boya lililofuata. Akaamua kwamba rada haikulikamata, na nahodha alipomuuliza, akajibu kwamba limeonekana. Wavuvi waliokuwa karibu waliita kwenye redio, chaneli 16, wakitaja mahali ambapo meli ya abiria ilikuwa kweli. Kwenye Royal Majesty hakuna aliyejitambua katika wito huo, maana kwa hesabu yao wao hawakuwapo hapo. Walinzi wa zamu walitoa taarifa ya taa nyekundu zilizo juu, ambazo hazikupaswa kuonekana katikati ya bahari. Baadaye wakaripoti maji ya buluu na meupe mbele ya meli. Mtoto wa Mafia au Lamu angewaambia maana ya maji ya rangi hiyo.

Nahodha alipofika mbio meli ilikuwa imeshayumba, na kabla hajawahi kuigeuza ikakwama. Alikwenda kwenye Loran-C, kipokezi kilichokuwa kikifanya kazi tangu Bermuda kwa usahihi bila mtu kukitazama, akasoma, akaona kwamba wako mbali na njia yao kwa maili 15 na zaidi. Kilikuwa hapo siku nzima. Kulinganisha tarakimu za vyombo hivyo viwili kungechukua muda wa kumeza funda la chai.

Kipimakina nacho kina hadithi yake. Kilikuwa kizima. Lakini kengele yake ilikuwa imewekwa ilie pale kina chini ya mkuku kitakapofika mita 0. Yaani ilie meli ikishagusa! Kawaida baharini ilitakiwa iwekwe mita 3. Bandarini, penye maji haba, kengele ya mita 3 hulia ovyo na kuudhi watu, kwa hiyo hushushwa. Na safari hiyo hakuna aliyeirudisha. Ofisa anastahili lawama yake. Hata hivyo mbunifu anayeruhusu kengele ya kina iwekwe sifuri, kisha chombo kiende baharini siku mbili bila kuuliza chochote, ametengeneza kengele yenye mlango wa nyuma. Kuudhi ni sehemu ya tabia ya kengele, na anayebuni kengele anapaswa kufikiri kwanza juu ya mtu atakayechoka nayo.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilitoa ripoti yake mwaka 1997. Iliwalaumu maofisa kwa kuitegemea mno mitambo, ikailaumu kampuni ya meli kwa mafunzo yasiyotosha, ikalaumu pia ubunifu wa mfumo mzima. Magazeti hupenda lile la kwanza. Mimi nasimama kwenye la tatu, kwa sababu binadamu tumekuwa tukiamini vinavyotuhudumia vizuri tangu zamani na hatutaacha, ila kipokezi kinaweza kutengenezwa upya.

Asidhani mtu kwamba mambo haya yalikwisha na karne iliyopita. Tarehe 19 Oktoba 2016 chombo Schiaparelli cha Shirika la Anga la Ulaya kilikuwa kikishuka kwenye sayari ya Mirihi. Mwavuli ulipofunguka, chombo kilizunguka kwa kasi hadi kihisi cha mzunguko kikafika ukomo wa kipimo chake, kikakaa kwenye ukomo huo kwa sekunde moja hivi, zaidi ya ilivyotarajiwa. Kompyuta iliichukua tarakimu ile ya ukomo kana kwamba ni kipimo halisi, ikachanganya na mengine, ikapata jibu kwamba chombo kiko chini ya ardhi. Rada ya kupima kimo ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Lakini kompyuta ikaachia mwavuli, ikawasha roketi za breki kwa sekunde chache tu, ikazizima kwa kuamini kwamba imetua. Chombo kilikuwa bado juu, kilomita 3.7. Kihisi kilichofika mwisho wa uwezo wake kilitoa tarakimu, na kwa kompyuta tarakimu ni tarakimu. Tena hakuna aliyeifundisha kushtuka ikiambiwa kwamba inaruka chini ya udongo.

Huku kwetu pia, vijana wanaunda vitu hivi mezani kwao, na makosa ya Royal Majesty wanayo mkononi kwa bei ndogo. Chukua moduli ya GPS ya kufungia kwenye bodaboda. Inazungumza lugha ile ile ya NMEA. Katika mstari unaoanza na $GPRMC, mara baada ya saa, mna herufi moja: A ikiwa taarifa ni halali, V ikiwa si halali. Katika mstari wa $GPGGA mna tarakimu ya ubora: 0 maana yake hakuna mahali palipopatikana, na 6 maana yake mahali pamekisiwa. Programu inayoruka herufi hiyo na kwenda moja kwa moja kwenye latitudo inafanya kazi vizuri kila siku ambayo antena inaona mbingu, kwa hiyo mwandishi wake hupata sifa na malipo. Siku pikipiki itakapofungiwa kontena la chuma, mwenyewe ataiona kwenye simu imeegeshwa Kariakoo kwa amani.

Au chukua kihisi cha sauti kinachofungwa kwenye mfuniko wa tangi la maji kupima umbali hadi usoni pa maji. Ukitumia kompyuta ndogo ya Arduino na amri yake ya pulseIn, mwangwi usiporudi ndani ya muda uliowekwa, amri hiyo hurudisha 0. Programu isiyokagua huigeuza sifuri kuwa umbali: sentimita 0 kutoka kwenye mfuniko, maana yake tangi limejaa hadi juu. Waya umeng'oka, buibui wamejenga, kihisi kimekufa, na kioo kinasema maji yamejaa tele. Pampu haiwaki. Nyumbani hakuna hata ya kunawa.

Dawa yake inaanzia katika kuamua, kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu, chombo kitasema nini kisipojua. "Sijui" iwe na nafasi yake kwenye kioo, kubwa kama tarakimu zenyewe, na idumu mpaka mtu aikiri kwa kubonyeza. Mahali palipokisiwa paonyeshwe pamoja na umri wa kisio na duara la shaka linalopanuka kadiri saa zinavyopita. Kwa nusu maili kila saa, duara la Royal Majesty lingekuwa limepanuka maili kama 17 kila upande wakati meli inakwama, hadi kulifikia fungu lenyewe. Na unapoweka kihisi cha pili kukichunga cha kwanza, fuata kila waya hadi mwisho uone vinakutana wapi. Vikikutana kwenye dira moja, betri moja au setelaiti zile zile, unacho kihisi kimoja chenye vioo viwili. Hili la setelaiti lina uzito zaidi sasa, maana Marekani ilizima minara ya Loran-C mwaka 2010, na katika meli nyingi vipokezi viwili au vitatu vyote vinasikiliza anga lile lile.

Kuna jaribio lisilo na gharama. Ukimaliza kutengeneza chombo chako, na kikakupa mahali kwa usahihi unaojivunia, kibebe kwenye mwendo, kisha ng'oa antena. Usikizime, usikiguse tena. Endelea na safari saa mbili tatu, upinde kona, urudi nyuma, usimame. Halafu mpe mtu ambaye hakuwepo, usimwambie ulichofanya, mwache akisome, umuulize mko wapi.